Mgeni Aliyeulizia Nakala ya Pili

Sina nguvu tena ya kutunga uongo, kwa hiyo nisikilizeni tu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Rumonge kando ya ziwa, chumbani kwangu, saa tisa mchana, jua likiwaka. Najua wafu huja usiku. Huyu hakungoja.

Kompyuta nilijifunza peke yangu, kwa video na kwa kuharibu, na mtu aliyejifunza hivyo huogopa siku zote kwamba kuna somo lililompita. Nilikuwa na kompyuta moja ya zamani. Ndani yake kulikuwa na sauti ya mama: dakika arobaini, akisimulia miaka yetu ya ukimbizi kambini Tanzania, akicheka, akinigombeza niketi vizuri. Nilimrekodi majuma mawili kabla hajafa. Sauti yake nyingine hatukuwa nayo. Siku ya kuganduka, yaani kumaliza kilio, ukoo mzima ungekuja kuisikiliza.

Basi niliilinda. Flashi ya mtu haikuingia. Intaneti niliikata. Antivirusi niliiendesha asubuhi na jioni kama mgonjwa anayemeza vidonge. Wajomba waliniomba niwatilie sauti ile kwenye simu zao, nikakataa, maana simu zao zimejaa virusi na nilitaka kitu cha mama kibaki safi. Mtaniamini nikisema hakikuwa kiburi? Ilikuwa hofu tu.

Zilibaki siku tatu kufikia kuganduka. Mdogo wangu Nadine alikuwa mlangoni pa ua akichambua ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Nikasikia hodi. Niliitikia karibu bila kugeuka, na nilipogeuka mama mmoja alikuwa ameshaketi kwenye kiti. Kitenge chake kilichuruzika maji, pindo limefumuka, uzi unaning'inia. Na kilikuwa kiangazi, mvua tulikuwa tumeisahau.

"Amahoro, mutoto wa Ester. Mimi Mama Suzana. Tulikimbia pamoja na mama yako."

"Amahoro, mama. Mbona umelowa hivyo?"

"Ziwa," akasema, akaitazama kompyuta. "Sauti yake iko humo?"

"Iko."

"Na ya pili iko wapi?"

"Ya pili gani?"

"Weye! Kitu cha mutu kinakaa pahali pawili. Tulipokimbia, karatasi za shamba zilikuwa mbili. Moja nilishona mu kitenge changu, ingine mama yako akashona mu chake. Kila mutu na mutumbwi yake."

Nikamweleza habari za virusi, kwamba kila flashi ninayoichomeka ni mlango ninaoufungua. Nilieleza kirefu, kama kawaida yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka kwa uchovu.

"Mulango unachunga vizuri, mwanangu. Na nyumba ikiungua?"

Nikaenda kumletea maji ya kunywa. Niliporudi kiti kilikuwa kitupu, kimelowa, kinanuka tope la ziwa. Nikatoka mbio hadi kwa Nadine, nikamuuliza mgeni ameelekea wapi.

"Mugeni gani? Mimi niko hapa tangu saa saba. Ulikuwa unaongea na ordinateri yako tena? Utaioa lini?"

Duka linalouza flashi mpya lilikuwa hatua chache tu. Lakini unajua nilifanya nini? Mimi nikiogopa huongeza kufuli. Jioni ile niliunganisha intaneti ya simu, nikapakua antivirusi ya kulipia ambayo watu wameivunja ili itumike bure. Maelekezo yakasema: zima kwanza ulinzi ulionao. Nikauzima. Kwa mkono wangu huu.

Asubuhi mafaili yote yalikuwa na majina yasiyosomeka, na barua ya Kifaransa inadai pesa ili yafunguliwe. Sauti ya mama haikufunguka. Haijafunguka hadi leo.

Siku ya kuganduka nilisimama mbele ya watu, kando ya spika tuliyokodi, nikakiri. Hakuna aliyenitukana. Heri wangenitukana. Baadaye mama mdogo, aliyekimbia pamoja na mama, alinivuta pembeni kunituliza, na mimi nikamtajia Mama Suzana. Akauachia mkono wangu.

"Nani alikuambia jina hiyo? Mutumbwi yake ilizama. Hatukumupata, yeye wala karatasi. Ile ya mama yako ndiyo ilitusaidia kurudishiwa hapa. Hapa unapolala."

Tangu hapo nina uchovu ambao usingizi hauuondoi. Kompyuta sijaifuta, maana nimesoma kwamba pengine ufunguo wa mafaili hayo utapatikana siku moja. Juzi Nadine aliniuliza mama alikuwa akituamshaje, kwa sauti gani hasa. Nilijaribu kuiga. Nikashindwa. Akajaribu yeye. Naye akashindwa.

Wewe unayesoma, antivirusi weka, programu zilizovunjwa ziache, na anayekuambia uzime ulinzi ili akulinde, mfukuze. Lakini kabla ya hayo yote, leo, chukua kile ambacho kikipotea hakirudi, ukinakili, umpe mtu mwingine akae nacho. Mpe hata jirani mliyegombana. Usingoje kila kitu kiwe safi kwanza. Mimi nilingoja, na sasa naanza kumsahau mama yangu.