Kisu Kilichogoma Kukunjika

Hili nawaambia kwa aibu. Juzi hapa Mafinga nilienda kununua kisu kidogo cha kukunja, cha kukaa kwenye pochi.

"Chukua hiki chenye loki, mama," muuzaji akasema. "Hakijifungi chenyewe kikakukata vidole."

Nikachukua, ila nikaona haya kuuliza hiyo loki inaachiaje. Mimi ninayesoma masomo ya jioni nikaulize kisu?

Nikapitiliza kwa jirani yangu Mama Neema, anaumwa sana. Tuligombana, miaka mitatu hatusalimiani. Nilikuwa nimefunga, nikiomba Mungu atupatanishe kabla hajaondoka. Nje ya mlango wake nikamenya chungwa la kumpelekea. Kisu kikagoma kukunjika. Nikabonyeza, nikavuta, wapi. Sasa naingiaje kwa niliyegombana naye na kisu mkononi? Nikakificha katikati ya Biblia niliyokuja nayo.

Nilimkuta amelala, amekonda, hata sauti imepungua. Nikakaa kitandani kwake.

"Mama Neema, nimekuja tuyamalize."

Nikafungua Biblia tusome. Kisu kikaanguka juu ya blanketi lake, kimefunguka chote.

Akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Kuyamaliza," akauliza, "au kunimaliza?"