Vichwa Viwili Juu ya Sinia Moja

Mume wangu anapima maji ya vijito, na kipimo chake ni minyoo. Anazoa matope kwa wavu, anayamwaga kwenye sinia jeupe, kisha anachambua kwa brashi, taratibu kama mtu anayechagua mchele. Akikuta wale wekundu wembamba wamejaa na wadudu wengine hawapo, anajua maji yamechafuka. Anavyowatazama sasa! Mimi nimewahi kuugua homa wiki nzima, hakunitazama hivyo hata siku moja.

Haya, minyoo nilishawazoea. Balaa lilikuja na mwenzake mpya wa kazini, mwanamke. Mimi namwita Bi Darubini, maana kila tukikaa kula nasikia sifa za macho yake.

"Leo kamwona mnyoo niliyempita mimi," anasema mume wangu.

Si akakupikie basi! Halafu akaanza kunikwepa. Nikimuuliza leo mlikuwa kijito gani, anakohoa.

Siku hiyo uvumilivu ulinishinda. Niko uani nanyonyoa kuku, ndiyo biashara yangu, nawasafisha na kuwauzia wenye mahoteli, nikasikia sauti zao kijitoni nyuma ya nyumba. Nyumbani kwangu kabisa! Nikashuka na manyoya yangu mikononi. Nikawakuta wameinama, vichwa vimegusana juu ya sinia moja, wananong'ona.

"Endeleeni tu," nikasema. "Mimi ni mke tu, msijali!"

Mume wangu akazidi kuinamia sinia. Bi Darubini ndiye aliyesimama.

"Afadhali umekuja, dada." Akamgeukia mume wangu. "Unamwambia, au nimwambie mimi? Kila siku unaniomba nisiandike ripoti ya kijito hiki, mpaka lini?"

Nikachungulia. Sinia lilikuwa jekundu, linachezacheza, minyoo tupu. Na pale walipozoa matope, bomba la uani kwangu lilikuwa likimwaga maji ya kuku, damu na manyoya.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza mume wangu.

Bi Darubini akamjibia: "Anakuogopa, dada. Anasema ukikasirika nyumba haikaliki."

Bomba nimeliziba, na shimo la maji machafu amelichimba mume wangu mwenyewe. Mapenzi baina yao hakuna, hilo nimeliamini. Lakini wivu haujaniisha, na hauishi leo. Mume wangu ananiogopa, na mwanamke yule alilijua hilo kabla yangu mimi.