Mkwe kwenye Simu

Siku hizi redio haina habari nyingine ila vyombo vinavyokwenda mwezini. Mimi nimeona kikubwa zaidi, posta, hapa hapa Tukuyu.

Mzee mmoja wa Masukulu alikuwa akingoja simu ya mwanawe kutoka hospitali ya Mbeya, alikolazwa mjukuu wake. Simu ilipolia, karani alisikiliza, akasita.

"Si mwanao, mzee. Ni mkweo. Mwanao yuko wodini na mtoto."

Mzee akarudi nyuma. Wageni wafahamu kwamba kwa Wanyakyusa mwanamke na baba wa mumewe hawaonani wala hawasemezani. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke huingia migombani.

"Ananiona?" mzee akauliza.

"Hapana. Yuko Mbeya."

Akawaza kidogo. Kisha akaigeuzia simu mgongo, akaupokea mkono wa simu kupitia begani, akausikiliza huku anatazama ukuta. Sisi wa foleni ya stempu tukageuka kumtazama.

"Ee," akasema. "Ee. Amekunywa uji? Ndaga. Ndaga sana, mama," akashukuru kwa Kinyakyusa.

Alipogeuka macho yalikuwa yamelowa. "Mtoto anapona," akatuambia. Halafu, taratibu: "Kumbe ana sauti nzuri."

Watu hawa wanaishi uwanja mmoja miaka yote, na ilibidi waya utoke Mbeya ndipo wasemezane.

Karani akauliza kama kesho angependa mwanawe apige mwenyewe.

"Mwanangu amechoka," mzee akasema. "Mwache apumzike."