Nyati Hajalia Bado

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyempa mnyama pembe na mwanadamu akili, kisha akamtaka mwanadamu aitumie hiyo akili kwa utulivu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, aliyetufundisha kunoa kisu vizuri na kutomtesa mnyama. Namshukuru Mola kwa umri alionipa. Wengi niliokwenda nao porini wametangulia, nami bado naona jua likizama ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimelala kifudifudi kwenye shamba la mihogo kule Simbo, kisu kiunoni, udongo mdomoni, na mbele yangu nyati ameanguka anahema. Kila akihema, majani ya mihogo yaliyokuwa karibu na pua yake yalitikisika. Kwa nini nilikuwa pale, na kwa nini siku ile haijanitoka, ndiyo habari nitakayokueleza. Mjukuu wangu anayekaa Gungu ndiye aliyeniamsha kumbukumbu hii. Alinionyesha kwenye simu yake watu wanaobishana juu ya risasi za zamani, ipi iliyo bora kwa mnyama mkubwa. Akaniuliza, "Babu, wewe ulikuwa unaandamana na wawindaji. Ipi kiboko?" Nikamwambia swali lake halina jibu mpaka aseme kwanza ni mnyama gani. Kisha nikaona afadhali niandike, maana nikisimulia nasinzia katikati.

Mimi sikuwa mpiga bunduki. Nilikuwa mtu wa kisu. Nilisoma chuo cha Kurani Ujiji, na nilipopata ujana maalim wangu akaniidhinisha kuchinja. Kwetu huku Waislamu na Wakristo wanakaa mlango kwa mlango, na mwindaji mwenye busara, hata akiwa Mkristo, alikuwa haendi porini bila mchinjaji wa Kiislamu, ili nyama ikifika kijijini kila mtu ale. Mzee Bitama alikuwa mwindaji wa namna hiyo. Muha, Mkatoliki, mwenye bunduki ya kibali na maneno machache. Kijiji kikisumbuliwa na mnyama, aliitwa yeye, na yeye akanitumia mtu Ujiji: "Mwambieni Shehe anoe."

Sasa sikiliza, maana mtu wa kisu huona jambo ambalo mpiga bunduki halioni. Yeye huona mnyama akianguka au akikimbia. Mimi nilikuwa napasua nyama na kuona risasi ilifanya nini ndani. Siku zile zilikuwapo za aina mbili. Moja ina koti la shaba mwili mzima hadi puani, tuliiita ngumu. Nyingine pua yake imeachwa wazi, yale madini laini yanaonekana, tuliiita laini. Ile laini ikimpata tohe au mbawala, swala wa ngozi nyepesi, inafunguka ndani kama ua, mnyama haendi mbali, namkuta hai namchinja. Ile ngumu ikimpata tohe huyo huyo, inapita kama sindano kwenye kitambaa, inatoka upande wa pili na safari yake. Tohe anakimbia na kitundu kidogo, damu haba, tunamtafuta mpaka jioni, pengine tunakuta fisi wametutangulia. Basi ungesema laini ndiyo bora. Lakini nyati si tohe. Ngozi yake nene, bega lake ni kama gogo la mninga. Ile laini ikigonga pale inafunguka mapema, inachanikachanika nje nje, na moyo uko mbali bado. Nyati anataka ile ngumu, inayokwenda moja kwa moja bila kupinda. Kuhusu magobori na goroli zake za kuyeyusha nyumbani, mwanangu, hayo tuyaache. Nimewahi kukuta goroli chini ya ngozi ya nyati mnene aliyenawiri, imekaa pale miaka kama kipande cha chuma ndani ya mti. Ilimfundisha hasira tu.

Mwaka ule nyati dume alikuwa ameingia mashamba ya Simbo. Alikanyaga mihogo, akamjeruhi mama mmoja aliyekwenda kuchota maji. Kibali kikapatikana, Mzee Bitama akaniita. Nikaenda na Sudi, mtoto wa baba yangu mdogo, kijana wa Bangwe, mcheshi, mwepesi wa mguu na wa ulimi. Alikuwa amerithi bunduki ya marehemu baba yake na kuimiliki kwa kibali chake, naye alikuwa na haja kubwa. Dada yake Zaina alikuwa anaolewa Ijumaa ile, na Sudi alikuwa amekwisha kuwatangazia watu Ujiji nzima kwamba walima, karamu ya harusi, utakuwa wa nyama ya nyati.

Njiani Mzee Bitama alimwomba amwonyeshe risasi zake. Sudi akafungua kiganja. Zote laini.

"Hizi za tohe," Mzee akasema.

"Mzee, tohe mwenyewe akiziona anasilimu," Sudi akajibu. "Nyati naye ana roho moja tu."

"Roho ni moja. Iko mbali." Akatembea hatua kadhaa, akaongeza, "Leo utabeba bunduki. Hutapiga."

Sudi akanikonyeza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi tulikuwa tunaijua methali hiyo tangu utoto, tunaidhani ya wengine.

Tulimkuta asubuhi hiyo hiyo, pale mashamba ya mihogo yanapokutana na matete ya bondeni. Alikuwa amesimama ubavu, anatutazama kama mtu anayetudai. Mzee Bitama alikuwa bado anazunguka kichuguu apate nafasi ya kupiga, mimi na Sudi tuko nyuma yake, ndipo niliposikia mlipuko sikioni. Sudi alikuwa amepiga. Nyati akapiga magoti, akalala ubavu, vumbi likamfunika.

"Shehe, chinja!" Sudi akasema, macho yanang'aa. "Wahi, yu hai!"

Nami nikainuka, mwanangu. Sheria tuliyofundishwa ilikuwa wazi: ukimdiriki mnyama yu hai, mchinje. Akikutangulia kufa kwa risasi, maalim wetu hakuturuhusu kumla. Najua wapo wanazuoni wenye kauli nyingine juu ya risasi, na sina ugomvi nao. Sisi tulishika tuliyopewa. Kwa hiyo kila pumzi ya yule mnyama ilikuwa kama mlango unaofungwa taratibu, na nje ya mlango yuko Zaina na wageni wake. Mkono wa Mzee Bitama ukanishika mkanda ukanivuta chini.

"Tulia, mwana wanje. Imbogo hajalia."

Imbogo ndiye nyati kwa Kiha, na mwana wanje ni mwanangu. Nikamwuliza kwa kunong'ona analia nini. Akaniambia nyati anayekufa hutoa mlio mmoja mrefu, wa huzuni, na kabla ya mlio huo huyo hajaanguka, amepumzika. "Amepigwa begani," akasema. "Nimesikia risasi inavyogonga. Imeishia juu."

Ndipo nikalala pale nilipokueleza, udongo mdomoni. Nyati anahema. Majani yanatikisika. Nzi wameanza kumjia. Mzee Bitama amepiga goti, bunduki begani, hapepesi. Kule juu kwenye njia watu wa kijiji walikwisha kusikia mlipuko, wamesimama na masinia na visu vyao, na mmoja akapaza sauti, "Vipi, bado?"

Sudi akanisogelea kwa viwiko. "Anakufa huyo. Atakufa hivi hivi, nitamwambia nini Zaina?"

"Mzee kasema tungoje."

"Mzee hana harusi. Kama unaogopa, lete kisu."

"Kisu sitoi."

"Lete, bwana. Najua kuchinja kama wewe."

Akakishika mpini. Nikamshika mkono. Tukavutana pale chini, kimya, tunahema kama huyo nyati, watoto wa ndugu wawili. Nisijisifu mbele yako: sikumnyima kwa hekima. Nilimnyima kwa hofu, na kwa hasira ya kuambiwa naogopa. Lakini Mwenyezi Mungu hutumia hata hasira ya mpumbavu. Sudi akachomoka, akaacha kisu, akasimama, akasema atakwenda na panga la mwenye shamba lililokuwa limechomekwa kwenye tuta. Akalichomoa, akapiga hatua ya kwanza, ya pili.

Majani yakaacha kutikisika.

Sikuwahi kuona kitu kizito kikiinuka vile. Alikuwa chini, akawa juu. Hakuwa na haja ya kumtafuta aliyempiga. Sudi alikuwa wima peke yake katikati ya mihogo, panga mkononi, na miguu yake, ile miepesi, ikagoma. Nilisoma shahada kwa niaba yake. Nyati alikuja kichwa juu, pua mbele, bega moja likichechemea na bado anakuja, na Mzee Bitama hakupiga. Hakupiga mpaka nikadhani ameganda kama sisi. Kisha bunduki yake ikalia mara moja. Nyati akaanguka kwa mwendo wake mwenyewe, akasota, akakata mihogo, akakoma mbele ya Sudi, umbali wa mpini wa jembe. Sudi akakaa chini taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa kigoda.

Ndipo nikausikia. Mlio mmoja mrefu. Sitakuelezea. Ukisikia siku moja utaujua, na nakuombea usiusikie karibu.

Mzee Bitama hakunipa ruhusa bado. Alizunguka kwa nyuma ya mnyama, akakata ufito mrefu, akaugusisha kwenye jicho. Jicho halikupepesa. Akanitazama, akaniachia nafasi nihakikishe mwenyewe. Nikachukua ufito, nikagusa. Halikupepesa.

Watu wa kijiji walikuwa wameanza kushuka. Sudi akaja kando yangu, midomo myeupe, akaninong'oneza, "Pitisha kisu tu. Damu bado ina moto. Nani atajua?"

Mwanangu, hofu ya nyati ilikuwa ya dakika chache. Hofu hii ya pili ilikuwa nzito zaidi. Nilimfikiria Zaina. Nikafikiria kurudi Ujiji mikono mitupu na watu wakinicheka. Kisu kilikuwa tayari mkononi, na shingo iko palepale. Mzee Bitama alikuwa amesikia. Akasema polepole, akifuta bunduki yake, bila kunitazama:

"Mimi dini yangu nyingine, sikufundishi ya kwako. Ila mimi nakuita wewe kwa sababu watu wakiambiwa 'Shehe kachinja' hawaulizi tena. Ukinidanganyia mara moja, basi nitakuwa nimewalisha majirani zangu uongo kwa bunduki yangu."

Nikarudisha kisu alani. Nikawaambia watu kwa sauti, "Huyu amekufa kabla ya kisu. Waislamu wenzangu, hatuna nyama hapa." Baba mmoja wa makamo akaguna, akageuka na sinia lake. Wengine wakamfuata. Hakuna aliyenipongeza. Ukweli hauna shangwe, una njia ndefu ya kurudi nyumbani.

Wakristo walipoanza kupasua, Mzee Bitama alimwita Sudi atazame. Risasi yake ilikuwa imelala juu ya mfupa wa bega, koti limechanika, madini yamepondeka yametawanyika kama ulezi uliomwagika. Haikuwa imeingia hata upana wa kiganja. Ile ngumu ya Mzee ilikuwa imeingilia kifuani, imepita moyoni, imepita tumboni, tukaikuta nyuma karibu na paja, haijapinda. Sudi akaishika ile yake iliyopondeka, akaitazama muda mrefu. "Mbona kwa tohe inaua?" akauliza, kama mtoto. Mzee akamjibu, "Kwa tohe, ndiyo."

Ijumaa tukala walima wa Zaina kwa ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa letu, iliyokaangwa kwa mawese. Bibi harusi alipomwuliza kaka yake mbele ya watu, "Na ile nyama yako iko wapi?" Sudi akainamisha kichwa, akasema, "Nyama ilikuwa niwe mimi." Watu wakacheka sana. Mimi na yeye hatukucheka. Alinimegea mgebuka mkubwa kuliko wake, na hilo ndilo lililokuwa ombi lake la msamaha.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu, na usiipokee kwa sababu ni ya mzee, ipime. Usiulize silaha ipi ni bora kabla hujajua unaikabili nini. Ndivyo na maneno. Kuna mtu neno laini humfikia moyoni, ukimpiga na gumu linapita, anakimbia na jeraha usilolijua. Na kuna jambo neno laini halilifikii kamwe, linachanika juu juu, unajidanganya umesema. Na jambo likianguka mbele yako, usilikimbilie na kisu. Ngoja ulisikie likilia. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na wakati mwingine hali hiyo nyama, lakini yu hai. Na ikitokea umechelewa, sema umechelewa. Ukipitisha kisu kwenye shingo ya maiti kwa ajili ya aibu ya siku moja, umechinja neno lako, na neno halifufuki.

Mwenyezi Mungu akujaalie, ewe unayesoma, mkono mtulivu na mzee wa kukushika mkanda siku utakayoinuka mapema. Akulinde na kinachohema ukadhani kimekufa. Akulishe halali, hata ikiwa ni mgebuka, na ikutoshe. Amina.