Lipstiki Yangu Iliyoishia kwenye Injini

Mpaka leo nikipita pale kanisani Moshono nageuza uso, na wanaonijua wanajua kwa nini, basi ngoja niwaambie na ninyi wengine mcheke mara moja yaishe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, magari ya mitumba ya Japani yanamiminika mjini, na sisi tukapata letu, jeupe, mume wangu, Baba Neema, akawa analiatamia kama kuku na mayai. Mkanda wa taimingi (ule unaofanya injini ipumue kwa mpangilio) ukaanza kuchanika. Fundi wa gereji kule Levolosi kila nikienda ni "njoo kesho, mama", Jumapili mtoto anabatizwa, na mama mkwe ameshateremka kutoka Machame kuja kuliona hilo gari. Nikachoka. Nikamwambia mama mkwe mezani kwamba mkanda nitaufunga mwenyewe, fizikia nimesoma mpaka kidato cha nne, simbembelezi mwanaume kwa sababu ana spana.

Akatafuna taratibu. "Mkwe wangu, likinifikisha kanisani nitasimama mbele ya watu wote niseme wewe ni fundi."

"Na lisipokufikisha, mama?"

"Nitasimama vilevile. Nitasema kingine."

Jumamosi nikafungua. Ujanja wake ni kuweka alama kwenye gia ya juu na ya chini, ili ukifunga mkanda mpya zikae palepale. Chaki sina, nikachukua lipstiki yangu nyekundu ya ubatizo, nikachora mpaka ikaisha, nikavua mkanda wa zamani, Neema akalia, nikaenda kumnyonyesha. Narudi namkuta Baba Neema ameinamia injini na kitambaa chenye petroli, anapiga mluzi.

"Unafanya nini?"

"Nasafisha. Gari la kwenda kanisani linakuwaje na mauchafu mekundu? Hata hizi gia nimezizungusha, nimesugua mpaka nyuma."

(Nilivyomtazama, sijui ile petroli ilishindwaje kuwaka.)

Hapo ndipo ningemfuata fundi hata kwa magoti. Ila mama mkwe yuko kibarazani, masikio kayasimamisha, nami nikajifanya nakumbuka zilipokuwa. Nikafunga kwa kukisia.

Jumapili likawaka, kweli, ila linatetemeka kama mgonjwa wa malaria na kila kilima tunakipanda kwa maombi. Tukafika. Neema akabatizwa, mama yake kifua mbele, midomo mikavu. Baada ya ibada watu wakakusanyika nje kwenye mnada wa sadaka, zile ndizi na kuku na mbuzi walizotoa waumini, ukinunua unaweza kumzawadia mtu yeyote. Tulipopanda gari kuondoka, mimi, kwa kiburi changu, nikasema tusizunguke nyuma, tupite katikati tuonekane.

Tukaonekana. Gari likapiga mlio kama bunduki, likatema moshi, jogoo akamponyoka mzee wa kanisa aliyekuwa akimnadi, akatua kichwani kwa mwalimu wa kwaya. Likalia tena, likazima.

Yule mzee akakung'uta manyoya, akasema, "Gari limepandisha bei. Kuna anayezidi?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikatamani nijifunike na kanga ya mtoto. Mara mlango wa nyuma ukafunguka, mama mkwe akashuka, akanyoosha kitenge.

"Niliahidi," akasema. "Huyu mkwe wangu ni fundi. Kanifikisha. Kunirudisha hatukupatana." Kisha akamgeukia yule mzee. "Hiyo kamba ya mbuzi unaiuza? Nainunua mimi. Mpe fundi, avutie gari."

Wanakwaya wakalisukuma mpaka nyumbani na majoho yao, wanaimba, Baba Neema kwenye usukani, mimi mbele yao, mtoto mgongoni na kamba mkononi.

Kamba ipo, inaning'inia jikoni. Mkanda wa gari sigusi tena maisha yangu yote, na lipstiki inakaa midomoni. Na Baba Neema akishika kitambaa akaanza kusogelea kazi yangu, naitazama tu ile kamba, anakiweka chini.