Picha ya Tata na treni yake: neno "imeungua" lilivyomwondolea heshima Kamachumu

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Nimekaa na hili jambo wiki tatu nikisubiri nitulie ndipo niandike. Sijatulia. Basi naandika hivyo hivyo nilivyo. Yote yametokea kama ninavyoyasema, pamoja na yale yanayonionyesha mimi mwenyewe vibaya.

Mimi ni mwanamke, nina studio ndogo ya picha hapa Bukoba mjini. Passport size, harusi, kipaimara. Ndiyo ugali wangu, ingawa kwetu ugali hauna heshima hiyo, niseme ndiyo ndizi zangu.

Ila ugonjwa wangu ni treni. Najua mmeshaanza kucheka. Mhaya na treni wapi na wapi? Kagera nzima haina reli hata futi moja. Kweli haina. Lakini Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kihaya, alikuwa dereva wa treni. Maisha yake yote ya kazi alikuwa huko Tabora na njia ya Mwanza, akastaafu, akarudi nyumbani Kamachumu, wilaya ya Muleba, kwenye migomba na kahawa yake. Pale kijijini wanamwita Ta Treni. Wengi wao treni hawajawahi kuiona kwa macho, kwa hiyo yeye ndiye treni yao.

Siku yake ya mwisho kazini nilisafiri mpaka Tabora na kamera yangu.

Sasa hapa naomba wasio wa fani wanivumilie kidogo, maana bila hili hamtaelewa hasira yangu.

Ilikuwa saa saba mchana. Jua la Tabora mnalijua. Tata amesimama mlangoni mwa injini, kofia kichwani, uso mweusi kama wangu, uko kivulini. Nyuma yake anga linawaka. Mbele kuna pua ya injini, imepakwa rangi nyepesi na yeye mwenyewe ameisugua asubuhi ile mpaka inang'aa.

Kamera haina akili, wakuu. Ukiiachia ijipimie mwanga yenyewe, inaliona lile anga, inaogopa, inapunguza mwanga. Unapata anga zuri la bluu, injini nzuri, na baba yako amekuwa kofia na meno. Ndiyo maana harusi nyingi bibi harusi anaonekana gauni tu.

Mimi nikapima mwanga usoni kwake. Usoni kwake tu. Nikafungua exposure, yaani nikaongeza mwanga, mpaka mikunjo ya macho ikaonekana, mpaka nikaona kwamba analia kidogo na anajikaza. Anga likawa jeupe kama karatasi, na pua ya injini nayo ikapotea kwenye weupe. Nilijua. Nilifanya kwa makusudi, na kesho ukinirudisha pale nitafanya vile vile.

Sisi watu wa picha, mwanga ukizidi mpaka sehemu ikabaki nyeupe tupu, tunasema picha "imeungua". Shikeni hilo neno.

Picha ile nilikaa nayo miaka. Mwezi uliopita nikaipandisha kwenye group moja la wapenda treni huko Facebook. Nikaandika: "Tata wangu, siku yake ya mwisho na injini yake." Nikamtag binamu yangu wa Kamachumu, basi, na watu wa nyumbani wakaiona.

Likes zikaja. Pongezi zikaja. Halafu akaja bwana mmoja anayejiita Fundi Lenzi. Sijui ni nani, sijawahi kumwona, Mungu aendelee kutuepusha. Akaandika hivi, nanukuu herufi kwa herufi:

"Imeungua vibaya sana hii. Mbele kote kumekwisha. Aliyekuwa kwenye mashine hakujua kazi, angepunguza mapema."

Na mwenzake chini yake: "Kweli mkuu. Hapo mbele hakuna cha kuokoa."

Mimi nilivyosoma nikakasirika kama fundi anavyokasirika. Eti sijui kazi! Nikamjibu kwamba nilipima uso. Akaniwekea emoji ya kucheka. Nikazima simu, nikaendelea na wateja wangu.

Rudieni kuisoma ile komenti, lakini sasa jifanye wewe ni mama wa Kamachumu usiyejua lolote kuhusu kamera. Unaona dereva wa treni. Unaona treni mbele haionekani. Imeungua. Mbele kote kumekwisha. Aliyekuwa kwenye mashine hakujua kazi. Angepunguza mapema. Hakuna cha kuokoa.

Mmeona?

Kiswahili chetu hiki, jamani. Picha imeungua. Treni imeungua. Injini imeungua. Zote ni "i". Mwandishi anaacha kutaja kitu chenyewe, anakurushia kitenzi kitupu, kila mtu anajaza kwa akili yake.

Ma Eliza, jirani yetu, akajaza. Akapiga screenshot akaitupa kwenye group la WhatsApp la usharika wetu, sisi ni Walutheri, na chini akaandika: "Kumbe ndiyo sababu alirudi. Tumwombee Ta Treni."

Tumwombee! Hakuna umbea mbaya kama unaokuja umepiga magoti.

Mimi simo kwenye lile group. Nilijua baada ya siku nyingi, Mama aliponipigia. Hakunisalimia hata. Akasema, "Baba yako hajatoka nje siku ya nne leo. Wewe uliandika nini huko kwenye mitandao?"

Ndipo akanieleza. Usharika ulikuwa unachagua wazee wa kanisa. Jina la Tata lilipendekezwa, na mwenzangu, hicho kitu alikitamani. Alikaa mbali na nyumbani miaka yote ile, akawa mtu wa kuja likizo na kuondoka. Mashamba ya wenzake aliyakuta yamekomaa, vikao amevikuta vina wenyewe. Kuwa mzee wa kanisa kwake ilikuwa ni kuambiwa: sasa wewe ni wa hapa. Alishashona suti.

Jumapili majina yaliposomwa, la kwake halikuwepo. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Wakati wa kutoka akasikia nyuma yake mtu anamwambia mwenzake, "Treni nzima aliunguza. Na watu ndani."

Na watu ndani! Imetoka wapi hiyo? Ah, ilishanenepa njiani.

Nilifunga studio saa ile ile. Nikapanda mpaka Kamachumu nikiwa nachemka, nikapita moja kwa moja kwa Ma Eliza kabla hata ya kufika nyumbani. Nikamkuta anamenya ndizi. Nikamuuliza kwa nini hakuuliza kwanza, nyumba mbili tu zinawatenganisha. Akanitazama kwa huruma, akaniambia, "Lisemwalo lipo, mwanangu. Kama halipo laja."

Nikamwambia hili halikuwepo na haliji. Nilimwambia na mengine ambayo sitayaandika hapa, moderator atanifungia.

Nikaingia nyumbani. Tata amekaa sebuleni, redio imezimwa. Yule mzee bila redio si mzima. Hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu ambalo mpaka leo likinijia naacha ninachofanya.

"Mwanangu, mimi nimeunguza nini?"

Nikasema hujaunguza kitu, Tata. Akasema, "Hata breki ikitoa harufu nilikuwa naandika kitabuni. Kila kitu nimeandika. Nimekaa hapa nakumbuka safari moja moja, naitafuta hiyo treni."

Jamani. Siku nne mzee wa watu anatafuta kichwani mwake treni aliyoiunguza. Alishaanza kujiuliza labda ilitokea akasahau.

Nilimtoa nje kwa mkono. Nikamsimamisha mlangoni, migomba nyuma yake na jua juu, nikampiga picha tatu. Ya kwanza uso giza, migomba safi. Ya pili katikati. Ya tatu uso wake umeonekana wote na migomba imegeuka weupe. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Nikamwambia, hii ya tatu, sisi tunasema imeungua. Ni mwanga, Tata. Ni picha. Hakuna moto, hakuna treni.

Aliishika kamera muda mrefu. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

Akauliza, "Kwa hiyo aliyekuwa kwenye mashine ni nani?"

"Ni mimi."

"Na anayeambiwa hajui kazi?"

"Ni mimi, Tata."

"Basi Jumapili utawaambia."

Wakuu, nilipinga! Nilisema asimame Ma Eliza, ndiye aliyeeneza. Atafutwe Fundi Lenzi popote alipo, ndiye aliyeandika. Mimi kosa langu ni lipi? Mimi ndiye pekee kwenye habari hii yote niliyetaka uso wa yule mzee uonekane!

Akaniambia kwamba kwa kazi yao, likitokea jambo, aliyekuwa kwenye mashine ndiye anayeandika taarifa. Hamtumi mwingine, hasubiri kuulizwa, na haanzi kwa kutaja makosa ya mtu wa pembeni. Anaanza na lake.

Ungebishana na hilo wewe?

Jumapili nikamwomba mwinjilisti dakika mbili wakati wa matangazo. Nilishapiga picha mamia ya watu kwenye lile kanisa, sijawahi kusimama mimi mbele yao.

Nikasema, "Bwana Yesu asifiwe. Aliyeunguza ni mimi."

Nikaeleza kamera, jua, uso, anga. Nikaeleza "imeungua" ni nini kwetu. Nikasema baba yangu ameendesha treni mpaka amestaafu na hajaunguza hata kiberiti, aliyezidisha mwanga ni mimi, na nilizidisha kwa sababu nilitaka kumwona.

Halafu Ma Eliza, kutoka benchi la akina mama, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa kabisa: "Waitu, jamani, kwa hiyo wale watu hawakufa?"

Nikamwambia, "Watu gani, Ma Eliza?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Hata mwinjilisti alijifunika na kitabu. Mimi sikucheka. Nilimtazama Tata, naye alikuwa anatazama mikono yake.

Nje kwenye mnada wa sadaka watu wakapanga foleni kumpa mkono. "Pole, Ta Treni. Pole sana." Akawa anajibu kila mmoja, "Pole ya nini? Sikufiwa." Hakuna hata mmoja, nasema hata mmoja, aliyesema "tusamehe". Pole ni rahisi, haimgharimu mtu kitu.

Nikamfuata mwinjilisti kuuliza habari ya uzee wa kanisa. Akasema ndiyo hivyo, majina yameshapita, wameshawekewa mikono, tutamkumbuka awamu ijayo Mungu akipenda. Ni mtu mwema, sina ugomvi naye. Lakini awamu ijayo ni lini, na Tata atakuwa na umri gani?

Niliporudi Bukoba nikaandika kwenye lile group kisa chote. Nikamtag Fundi Lenzi. Mnajua alijibu nini?

"Sasa mimi nimekosea nini sister? Picha si imeungua kweli?"

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba yuko sahihi. Imeungua. Hajasema uongo hata kidogo, na ameshalala usingizi wake.

Nilitaka kuifuta. Nikampigia Tata kumwambia. Akakataa. Akasema ukifuta watasema tumeficha. Kwa hiyo picha ipo, komenti ipo chini yake, na juzi kuna mtu mwingine kaipa like. Komenti, siyo picha.

Niliyojifunza ni haya. Kama unapiga picha za treni, au za chochote kikubwa kinachong'aa, na kuna mtu mweusi mbele yake, pima mwanga usoni kwa mtu. Anga litajijua. Hapo sibadiliki hata mniite mshamba.

Na kama unakosoa picha ya mtu, taja kitu. Andika "picha". Herufi tano tu! Sisi Wahaya mnatucheka kwa kupenda shule, lakini kuna mzee angekuwa mbele kwenye usharika wake leo kama mtu mmoja angekumbuka somo la darasa la nne kwamba sentensi ina kiima.

Haya, uwanja ni wenu. Wapiga picha, walimu wa Kiswahili, waumini, mlio na kesi kama yangu, semeni. Mnaotaka kunikosoa exposure nanyi karibuni, ila mjue leo sina breki.

Jana Mama amenipigia. Nikamuuliza mzee anaendeleaje, akasema redio anawasha, shambani anakwenda. Kanisani pia anakwenda, na ile suti anaivaa. Ila sasa hivi anakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, wanapokaa wageni. Mama kamuuliza kwa nini. Amemwambia pale kuna hewa.