Siku Baba Alipotangaza Kwamba Mimi Ni Rezerve

Nikiikumbuka siku ile natamani kujifunika kitenge uso, lakini kwa kuwa mmeng'ang'ania kuniuliza kwa nini sikanyagi uwanja wa voleboli, haya, chekeni mapema tumalize.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, tunakaa mtaa wa Songo, na nilikuwa mrefu kuliko mwalimu wangu (naye alikuwa mfupi, ila hilo nyumbani hatukulitaja). Kocha wa chuo kimoja cha pale Uvira akaniona nikicheza shuleni, akaja mpaka kwetu, akamwambia Baba: «Papa, uyu mutoto tunamufanya rezerve. Akikomala, chuo ni yake.» Baba akaelewa nafasi yangu imeshawekwa, hakuna wa kuigusa. Jumapili Mama akapeleka kuku na ndizi kanisani kutoa shukrani, mchungaji akanisimamisha mbele ya watu, na tangu hapo kila mwalimu wa hesabu aliyenikaripia nilimtazama kama mtu ambaye habari hazijamfikia.

Kisha vita vikaja, tukakimbilia Burundi, tukakaa huko miaka. Tuliporudi wenzangu walirudi darasani, mimi nikarudi kiwanjani (hesabu za nini, na chuo kinaningoja?), na hakuna aliyefikiria kunipima urefu. Nilikuwa nimebaki palepale! Wadogo zangu walinipita, mimi nikawa napanuka tu kwa sombe, yaani kisamvu, ya Mama.

Siku chuo kilipotangaza kuchagua timu, nilifanya kosa la kumwambia Baba. Ningekwenda peke yangu, yangeisha kimyakimya. Baba akavaa koti, akawaita akina mama wa kwaya kutoka mtaa wa Kimanga, wakajaa pembeni ya uwanja. Kocha wa zamani hatukujua vita vilimtupa wapi, huyu alikuwa mgeni, akapanga wachezaji wake wa kuanza, halafu akauliza kwa sauti: «Rezerve iko wapi?»

«Ni uyu!» Baba akapaza sauti, akininyooshea kidole. «Simama, mama!»

Nikasimama, akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele, nikawapungia mkono (ndiyo, niliwapungia), na kocha akanikabidhi bidoni ya maji akanionyesha benchi. Kumbe kwake rezerve ni yule anayekaa kungoja mwenzake achoke.

Baba akaingia uwanjani na viatu vyake vya kanisani. «Muko namufanya nini mutoto wangu? Chuo ilishamukamata tangu zamani!»

Kocha hakukasirika, na afadhali angekasirika. «Papa, sijue ile maneno. Lakini ata kama hachezi, anaweza soma. Diplome yake ya État iko wapi?»

«Diplome ya nini tena? Si iko rezerve?»

Uwanja mzima ulicheka, hata akina mama wa kwaya. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeelewa: sina mpira, sina hiyo diplome ya kumaliza sekondari, chuo kimenipita nikiwa nimeshika bidoni.

Tulipokaribia nyumbani Baba akavua koti. «Ni miye nilikuharibia,» akasema, nami nikaona aibu yangu ni ndogo sana mbele ya yake. Jumatatu akanisindikiza shuleni mwenyewe, nikaketi na watoto walioniita shangazi.

Leo mtu akimsifia mwanangu kwa mbio au kwa urefu namshukuru, namkaribisha chai. Akianza kuahidi, namwonyesha mlango.